Mashada ya Maua na Heshima ya Marehemu

Iko desturi moja iliyoingia katika mazishi ya nchi yetu polepole, bila ya kujadiliwa na mtu yeyote, nasi twaona wakati umefika wa kuijadili. Kaburi likisha kufukiwa, mwongozaji wa shughuli hushika kipaza sauti na kuwaita watu kwa makundi waje kuweka mashada ya maua. Mjane kwanza, kisha watoto, wajukuu, ndugu, wawakilishi wa kazini, wawakilishi wa vyama. Kila kundi huja na shada lake mkononi. Asiye na shada haitwi. Na huko nyuma, mara nyingi chini ya mti, wamesimama vijana wenye udongo miguuni na majembe mabegani, wale waliolichimba kaburi tangu alfajiri. Hao nao hawaitwi.

Jambo hili lilianza mijini. Leo limefika hata katika vijiji vya wakulima wa pamba, na kwa hiyo tunapoandika habari zake tunaifikiria Kiloleli, mkoani Simiyu, na vijiji vingine vya Usukuma vilivyo mfano wake. Hatuandiki kwa sababu tunachukia maua. La hasha. Twaandika kwa sababu tunaona hatari ya mwananchi maskini kufanywa aone haya mbele ya kaburi la mzazi wake, ati kwa kuwa hakuwa na fedha ya kununulia kitu ambacho babu zake hawakukijua na ambacho marehemu mwenyewe hakukiomba.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba hakuna sheria moja ya dunia nzima juu ya maua na wafu. Huko Ufaransa liko ua liitwalo krisantemu. Kila ifikapo tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Wafaransa hulipeleka makaburini kwa wingi, na kwa ajili hiyo mgeni akialikwa chakula na Mfaransa kisha akamchukulia mwenyeji wake ua hilo, amekosa adabu. Lakini Marekani ua hilo hilo huwekwa mezani na mlangoni wala hapana anayeshtuka. Huko Japani krisantemu ni alama ya ukoo wa mfalme, na papo hapo krisantemu nyeupe ndiyo ua la msiba. Warusi huhesabu: maua ya sherehe huwa witiri, na ya mazishi huwa shufwa, hata muuza maua akisikia mteja anataka mawili au manne hujua kuna kilio. Wamexico hupamba makaburi kwa maua ya rangi ya machungwa mnamo tarehe 1 na 2 Novemba, nao hula na kuimba huko. Wayahudi hawana desturi ya maua makaburini. Mwenye kuzuru huweka kijiwe juu ya kaburi, kuonyesha kwamba amefika.

Tukirudi kwetu Afrika twakuta mambo yale yale ya kila watu na lao. Waganda huwafunga wafu wao kwa nguo ya gome la mti. Wachaga huliheshimu jani la isale, nalo hupandwa makaburini, na jani hilo hilo ndilo mtu huchukua anapokwenda kuomba radhi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huchonga vigango, yaani nguzo za mti, kuwakumbuka wazee wao wenye daraja. Na katika karne iliyopita vigango vingi viliibwa na kuuzwa Marekani kama mapambo ya nyumba na vitu vya makumbusho. Fikiri, msomaji: kumbukumbu ya mzee wa watu kusimamishwa sebuleni mwa mtu asiyejua hata jina lake! Na Waislamu wa mwambao na visiwani humzika maiti upesi, ikiwezekana siku ile ile, kwa sanda nyeupe na kafuri na marashi, bila ya gwaride la mashada. Nani atathubutu kusema kwamba watu hao hawana heshima kwa wafu wao?

Hata dola yetu yenyewe imelitambua jambo hili, ingawa wengi hutazama bila kuona. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huenda kwenye mnara akaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Meya huweka upinde na mishale. Shada la maua lipo pia. Lakini mwenye kuliweka ni kiongozi wa mabalozi wa nchi za nje. Sisi twaona busara kubwa katika mpango huo. Mgeni amepewa nafasi ya kuomboleza kwa namna ya kwao, na mwenyeji ameomboleza kwa namna ya kwake, wala mmoja hakumcheka mwenziwe.

Tumetaja mashujaa, na hapa hatuna budi kusimama kidogo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya watu wa nchi hizi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya Wazungu, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao sifa yao ya kubeba mizigo ilikwisha kuenea tangu zama za misafara. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa na kwa kuchoka. Tume ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita iliweka msingi kwamba kila askari aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila ya kujali cheo. Msingi mzuri. Lakini kwa Waafrika haukutimizwa. Dar es Salaam ilijengwa sanamu ya Askari mwaka 1927, sanamu moja kwa ajili ya wote, bila ya majina yao. Mwezi wa Aprili 1921 haukuleta haki, wala ule wa 1961. Ilipofika Aprili 2021 ndipo tume hiyo ilipotoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu yao ikafika 350,000. Kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza wamekuwa wakiweka mashada ya maua mekundu kila mwezi wa Novemba. Maua yalikuwapo mengi. Kilichokosekana ni kuhesabiwa kuwa mtu.

Hilo ndilo tunalotaka wanachama na wafanyakazi walione waziwazi. Shada laweza kuwapo na heshima isiwepo, kama ambavyo heshima yaweza kuwapo pasipo ua hata moja.

Basi tuitazame Kiloleli. Mtu akifa, habari humfikia balozi wa shina, na jua halijapanda kijiji kizima kimekwisha kujua. Jembe la shamba hupumzishwa. Vijana hushika jembe la kaburi. Wanawake huja na kuni na ndoo za maji vichwani, huja na unga, huja na sufuria zao wenyewe; wanaume hulala nje penye moto pamoja na wafiwa ili nyumba isibaki na ukiwa. Hakuna anayelipwa. Anayekuja leo anajua kwamba kesho watakuja kwake. Hapo ndipo penye desturi yetu, na twadiriki kusema kwamba yule kijana aliyechimba futi sita katika udongo mgumu wa kiangazi ameweka shada kubwa kupita yote yatakayotajwa kwenye kipaza sauti.

Tena, maua yenyewe ya kununua yatoke wapi? Simiyu ni nchi ya mvua chache. Ua linalojulikana huko kuliko yote ni ua la pamba, ambalo huchanua likiwa jeupe lenye umanjano kidogo, na siku inayofuata hugeuka rangi ya waridi, kisha hunyauka na kuacha tumba. Hakuna mkulima atakayelichuma akaliweke kaburini, kwani kila ua lililochumwa ni tumba lililopotea, na tumba lililopotea ni kilo zilizopungua mizanini. Kwa hiyo kinacholetwa ni shada la plastiki kutoka dukani, lililosafirishwa kutoka ng'ambo, lenye majani ya kijani ambayo hayajapata kuota mahali popote. Taifa letu lilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na wananchi wakatii. Lakini mashada ya plastiki tunayatandaza juu ya makaburi ya wazee wetu, yakapauka kwa jua, yakachukuliwa na upepo, yakaishia mashambani na malishoni mwa ng'ombe.

Tuseme pia habari ya fedha, maana bila hiyo mazungumzo haya yangekuwa ya wenye nafasi tu. Mkulima wa pamba hupata fedha zake kwa msimu. Ununuzi huanza mwezi wa Mei, nao hudumu miezi michache. Kifo hakingoji msimu. Kikibisha hodi mwezi wa Januari au Februari, wakati chakula kimepungua ghalani na pamba ingali shambani, mfiwa hana ila ng'ombe au mkopo. Wazee wetu waliliona jambo hilo, ndiyo maana wakaufanya msiba uwe kazi ya mikono ya wote, si kazi ya mfuko wa mmoja. Siku hizi mfuko unarudi kwa mlango wa nyuma: fulana zenye picha ya marehemu, turubai la kukodi, kipaza sauti, mpiga picha, na mashada. Akimaliza kuzika, mjane huanza kulipa. Sisi hatuwezi kuyaita hayo maendeleo.

Na kwa mfanyakazi wa mjini shida ni ya namna nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mzazi, mtoto, mume au mke, ndugu wa tumbo moja, babu, bibi au mjukuu. Kutoka Dar es Salaam mpaka Simiyu na kurudi, safari peke yake yaweza kula siku mbili. Kwa kuwa hapati nafasi ya kukaa matangani, mfanyakazi huyu hujaribu kuufidia upungufu wa siku zake kwa ukubwa wa shada lake. Twamwelewa, wala hatumlaumu. Lakini twamwambia kwamba mama yake aliyebaki kijijini atafaidika zaidi na gunia la mahindi, au na ada ya shule ya yatima, kuliko na pete ya plastiki itakayokuwa imepauka kabla ya mvua za vuli. Wajapani, ambao ni taifa tajiri, hupeleka msibani fedha katika bahasha maalumu ili kuwasaidia wafiwa. Ndiyo rambirambi yetu hiyo, wala hawaioni kuwa desturi ya kishamba.

Yuko atakayetujibu kwamba maua ni kazi, na kazi ni riziki. Ni kweli. Waridi nyingi zinazouzwa Ulaya zimekatwa Naivasha nchini Kenya, na nyingine zimekatwa Arusha, chini ya Mlima Meru, na wafanyakazi ambao wengi wao ni wanawake. Yawezekana kabisa ua lililowekwa leo juu ya kaburi huko Uholanzi lilikatwa jana au juzi na dada yetu. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kimekuwa kikipigania mishahara yao na usalama wao mbele ya dawa za kupulizia, na sisi tuko upande wao. Mwenye uwezo, ambaye imani yake na mapenzi yake vyamtuma kupeleka maua halisi yaliyolimwa na mikono ya wenzake, na apeleke. Wala hatuwaingilii viongozi wa dini katika ibada zao. Makanisa mengi yamezoea maua tangu siku za misheni, na waumini wao wana haki ya kuyapenda. Tunachokataa ni kipaza sauti kugeuzwa kuwa mizani ya kuwapima wafiwa.

Kwa hiyo tunatoa rai. Sheria ya serikali za mitaa yataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ufanyike walau mara moja kila miezi mitatu. Usukuma wana na mkutano wao wa jadi, dagashida, ambamo tangu zamani watu wamekubaliana juu ya malisho, maji na amani. Jambo hili la mazishi lipelekwe huko. Mabalozi wa mashina na viongozi wa matawi wasikae kimya wakisema ni mambo ya nyumba ya mtu, kwani wao ndio wa kwanza kupewa habari ya kila kifo. Kijiji kiamue kama kitaendelea na kuita makundi kwa mashada, au kila mtu atatupia konzi ya udongo, mwenye gari na mwenye baiskeli sawasawa. Kiamue kama fedha za mashada zitaingia katika mfuko wa wafiwa na kuandikwa daftarini mbele ya mashahidi. Na kama kipaza sauti kitabaki, basi wa kwanza kuitwa baada ya wafiwa wawe waliochimba kaburi, na wa pili wawe waliobeba maji.

Kiloleli na jirani zake wangefanya vema kuliingiza shauri hili katika mkutano utakaofanyika kabla ya mvua za kwanza, maana mvua zikishanyesha kila mtu atakuwa shambani, na hapana atakayepata nafasi ya kukaa chini ya mti kuzungumza.