Safari ya Siku Moja: Majengo Hadi Archer's Post

Mtu aondokaye Majengo ya Nyeri alfajiri aweza kufika Archer's Post kabla ya adhuhuri, naye atakuwa amepita nchi mbili zisizofanana kabisa. Karibu na Nanyuki huvuka ikweta. Kisha barabara huzunguka Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na kupita mashamba ya ngano ya Timau. Toka hapo huteremka mpaka Isiolo. Koti lililofaa Timau sasa ni mzigo. Penye ngano pamekuwa migunga, na penye ng'ombe wa maziwa, ngamia. Mbele umesimama Mlima Ololokwe kama ukuta wa jiwe.

Archer's Post pana daraja la mto Ewaso Ng'iro. Hapo msafiri na asimame atazame. Maji yale yatoka Mlima Kenya na Nyandarua, katika vijito vile vile tunyweshavyo viazi na mboga zetu. Tangu miaka ya 1980 mto umekauka huko chini mara kadhaa wakati wa kiangazi, kwa ukame na kwa wingi wa maji yachukuliwayo juu. Wasamburu na Waborana hubaki wakichimba mchangani ili kunywesha mifugo.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa nafasi vyama vya watumiaji maji. Yafaa kila mkulima ajiunge na chake. Tena, achimbaye bwawa na kulijaza wakati wa masika hana haja ya kuziba kijito wakati wa kiangazi.