Bati la ndege likilegea, sababu itafutwe kabla ya kuongeza riveti

Kolwezi ni mji unaojua vyuma. Katika komine ya Dilala, kama vile kwa majirani wa Manika, mafundi wanachomelea milango na madirisha, wanatengeneza tangi za maji, wananyoosha bodi za kamioni zinazobeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa. Wengi wao wanafanya kazi hiyo kwa vifaa vichache na umeme unaokatika. Kwa hiyo, kijana wa Dilala akisema anataka kujijengea ndege ndogo kwa mikono yake, asichekwe. Nchini Kenya, Gabriel Nderitu wa Nyeri amejulikana kwa miaka mingi kwa kujenga ndege nyumbani, moja baada ya nyingine. Huko Afrika Kusini, mwaka 2019, kundi la vijana 20 hivi, wakisaidiwa na wataalamu, waliunganisha ndege aina ya Sling 4 kutoka vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Kazi iliwachukua wiki 3 hivi, na ndege hiyo ikasafiri kutoka Cape Town hadi Cairo.

Mikono basi ipo. Kinachomtenganisha mjenzi wa ndege na fundi mwingine ni kitu kingine, nacho kinaonekana siku ambayo bati la nje la ndege linaanza kulegea. Siku hiyo fundi ana njia mbili: kulibana haraka ili lisionekane, au kutafuta kwa nini limelegea. Njia ya kwanza imeua watu wengi duniani, tena mikononi mwa makampuni makubwa.

Wakaaji wa Kolwezi hawahitaji kukumbushwa kwamba mambo ya ndege ni mazito. Novemba 17, 2025, ndege aina ya Embraer iliyombeba waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, iliacha njia ilipokuwa inatua katika uwanja wa Kolwezi, kisha ikashika moto. Abiria walitoka wakiwa hai. Ile haikuwa ndege ya kujengwa nyumbani, na sababu za ajali ni kazi ya wachunguzi. Lakini tangu siku ile hakuna mtu mjini anayeweza kusema kwamba usalama wa ndege ni mambo ya watu wa mbali.

Kwanza inafaa kuelewa bati la ndege ni nini. Kwenye kamioni, fremu ndiyo inayobeba uzito. Bati la bodi linafunika tu. Likitoboka au likilegea, kamioni inaendelea na safari. Kwenye ndege nyingi za aluminiyamu, mambo ni tofauti. Bati la nje, ambalo mafundi wanaliita ngozi, linabeba mzigo pamoja na mbavu na mihimili ya ndani. Bawa linapotaka kujipinda hewani, ngozi ndiyo inayolizuia. Na ngozi hiyo, kwenye ndege ndogo, mara nyingi haifiki hata unene wa milimita 1. Nguvu yake yote inapitia kwenye riveti, zile pini ndogo zinazoifunga kwenye mbavu. Riveti moja ikilegea, mzigo wake unahamia kwa jirani zake. Jirani nao wakichoka, safu nzima inaanza kuachia.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Riveti iliyolegea inatetemeka ndani ya tundu lake, inasaga aluminiyamu, na unga mweusi au wa kijivu unatoka pembeni ya kichwa chake na kuacha mstari kufuata upepo. Dalili ya pili ni sauti: bati linaloingia ndani na kutoka nje kwa kidole, kama kifuniko cha kopo la mafuta. Hizo dalili mbili hazina maana moja, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anakosea.

Bati linalocheza kama kifuniko linaweza kuwa na riveti zote nzima. Huenda lilifungwa likiwa limevutwa vibaya, au lilifungwa asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni, huku fremu na bati vikiwa na joto tofauti. Aluminiyamu inapanuka haraka: bati la mita 1 likipanda joto kwa nyuzi 20, linarefuka kwa karibu nusu milimita. Likiwa limebanwa pande zote halina pa kwenda ila kuvimba. Kuongeza riveti hapo ni kutoboa ngozi bure. Dawa ya kawaida ni kuweka ndani kipande chembamba cha aluminiyamu chenye umbo la pembe, ili kulikaza bati lisicheze, tena kwa kufuata mchoro wa ndege au ushauri wa aliyeichora.

Bati ambalo riveti zake zinatoa unga mweusi lina ugonjwa mwingine. Huenda tundu lilitobolewa kubwa kupita kiasi, au riveti haikugongwa vya kutosha, au kuna uchafu uliobaki kati ya mabati mawili, au injini inatetemesha mahali hapo kuliko ilivyokusudiwa. Kuigonga tena riveti ya zamani hakusaidii, kwani imekwisha kuwa ngumu na inaweza kupasuka. Inatakiwa kuitoa kwa kuitoboa katikati kabisa, kwa uangalifu ili tundu lisipanuke, kisha kuangalia kama kuna ufa. Kama tundu bado ni zima, riveti ya kipimo kilekile inarudi. Kama limepanuka, inawekwa inayofuata kwa ukubwa, ambayo kwa kawaida inazidi kwa milimita 0,8 hivi. Lakini hapo kuna mpaka. Kati ya katikati ya tundu na ukingo wa bati lazima kubaki angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti, na kati ya riveti moja na nyingine angalau mara tatu. Anayevuka mpaka huo kwa kutafuta nguvu anapunguza nguvu, kwani bati litachanika kwenye mstari wa matundu kama karatasi ya stempu.

Kuna dawa tatu ambazo fundi yeyote wa Dilala angezifikiria kwanza, na zote tatu ni hatari. Ya kwanza ni kuchomelea. Aloi nyingi za ndege zilipata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu hiyo pembeni ya mshono, na aloi inayoitwa 2024, ambayo inatumiwa sana kwenye ndege, inapasuka kirahisi ikichomelewa. Ya pili ni kutumia riveti au skrubu zozote zinazopatikana sokoni. Riveti ya kufungia mfereji wa maji ya mvua haina nguvu ya riveti ya ndege hata kama zinafanana kwa sura. Ya tatu ni mastiki na rangi. Hiyo haitengenezi kitu. Inamfumba macho yule atakayekagua kesho.

Wenyeji wa Lualaba wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwani shaba yao imo ndani yake. Mwaka 1906, mtaalamu Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aluminiyamu iliyochanganywa na shaba kidogo inazidi kuwa ngumu siku chache baada ya kupashwa moto na kupozwa ghafla. Toka hapo ilizaliwa aloi iliyojenga ndege za karne nzima. Aloi ya 2024 ina shaba ya asilimia 4 hivi. Lakini shaba hiyohiyo inaifanya aluminiyamu iwe dhaifu mbele ya kutu, ndiyo maana mara nyingi bati linafunikwa na tabaka jembamba la aluminiyamu safi. Fundi anayelisugua kwa msasa ili ling'ae anaondoa ulinzi huo. Na anayeacha waya au kipande cha shaba kigusane na bati la ndege, halafu mvua za Kolwezi zikaja, atakuta unga mweupe pale ambapo aluminiyamu imeliwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni woga wa vitabu. Mwezi wa Juni 1978, majuma machache baada ya vita ya Kolwezi, ndege ya Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia ilipokuwa inatua Osaka. Watu wa kiwanda chenyewe walikuja kutengeneza ukuta wa nyuma unaozuia hewa. Bamba la kuungia ambalo lilitakiwa kuwa kipande kimoja lilikatwa vipande viwili, na mahali ambapo safu mbili za riveti zilitakiwa kubeba mzigo, ikabaki inabeba safu moja. Kwa nje kazi ilionekana nzuri. Ndege iliruka miaka 7. Agosti 12, 1985, ukuta huo ulipasuka hewani na watu 520 wakafa. Walionusurika ni 4 tu.

Aprili 28, 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza sehemu kubwa ya paa la mbele ikiwa angani. Ilikuwa imeruka karibu mara 90 000. Mabati yaliyogandishwa yalikuwa yameachana, kutu imeingia, na nyufa ndogo zimeungana kutoka riveti moja hadi nyingine. Mhudumu mmoja alifagiliwa nje na kupoteza maisha. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba aliuona ufa alipokuwa anapanda ndege, lakini hakumwambia mtu.

Ukimya huo wa abiria unafanana na mazoea ambayo raia wa Kongo wanayajua vizuri. Kitu kinaonekana kibovu, kila mtu anakiona, na kazi inaendelea. Mashirika ya ndege yanayopewa vyeti na Kongo yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga lake, orodha iliyoanza kutolewa mwaka 2006. Yanakatazwa yote pamoja, kwa sababu shaka ni juu ya usimamizi wa taifa lenyewe. Ulaya haisemi kwamba mafundi wa Kongo hawana akili. Inasema kwamba hakuna uhakika kuwa kuna mtu anayekagua, anayeandika, na mwenye nguvu ya kusema ndege hii haitoki leo.

Ndege za kujengwa nyumbani zinaweza kuwa mahali pa kuanzia kujifunza tabia hiyo. Huko Marekani, aliyejenga zaidi ya nusu ya ndege yake anaweza kupewa cheti cha kuikagua yeye mwenyewe, lakini baada ya kuonyesha picha na daftari za kazi yake, na ndege inapitia saa za majaribio mbali na makazi ya watu. Ufaransa nayo ina cheti maalumu kwa ndege zinazojengwa na watu binafsi. Kongo ina sheria ya anga ya kiraia ya Desemba 31, 2010, na ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kiraia, AAC. Inafaa mamlaka hiyo itangaze kwa lugha wanazoelewa raia njia ambayo mjenzi anatakiwa kufuata: wapi anaandikisha kazi yake, nani anakuja kuangalia mabati kabla hayajafungwa, wapi anajaribu. Bila njia hiyo, kijana mwenye kipaji atafanya kazi yake kwa kujificha, na anayejificha hamwiti mkaguzi.

Pingamizi moja linastahili jibu. Katika mji ambao mitaa mingi inangoja maji na barabara, kuongea habari za ndege za watu binafsi kunaonekana kama anasa. Lakini anachojifunza mwanafunzi kwa kufunga bati la aluminiyamu, yaani kupima kabla ya kutoboa, kutafuta sababu kabla ya kubana, kuandika alichofanya na kuweka sahihi, kinahitajika pia kwenye tangi za asidi, kwenye breki za kamioni na kwenye mabasi yanayobeba watu kati ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Fedha za kuanzia zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni zitoe angalau asilimia 0,3 ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji. Atelie moja ya shule ya ufundi, yenye mabati, riveti za kweli, mashine za kugongea na mwalimu anayejua, haiwezi kuishinda fedha hiyo.

Jimbo la Lualaba linatoa shaba ambayo sehemu yake inaingia kwenye aloi za ndege za dunia nzima, lakini watoto wake wanaziona ndege hizo zikipita juu tu. Siku mmoja wao atakapofunga bati la kwanza la ndege yake huko Dilala, serikali iwe imekwisha kumwonyesha njia ya kisheria. Naye, akiona unga mweusi pembeni ya riveti, aiache ndege chini siku hiyo, aitoe riveti ile, aangalie ndani, kisha amwite mtu wa pili aje kuangalia pia.