Soka si mchezo wa kila mtu: Vijana wa Nakuru wapewe michezo ya video inayowafaa

SHULE zinapofungwa, wazazi wengi wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Molo huanza kulalamikia jambo lile lile. Mtoto akitumwa dukani hukawia, na akitafutwa hupatikana katika kibanda cha michezo ya video, macho ameyakodoa kwenye runinga. Malalamishi hayo yana msingi. Hata hivyo, mjadala wetu kuhusu suala hili umekuwa ukiegemea upande mmoja tu, yaani muda ambao vijana hupoteza. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza wanacheza nini, na iwapo mchezo huo unawafaa.

Ukiingia katika vibanda hivyo, utapata soka karibu katika kila runinga. Mchezo ambao kwa miaka mingi ulijulikana kama FIFA, na ambao tangu 2023 umekuwa ukiuzwa kwa jina la EA Sports FC, ndio hutawala. Kando yake aghalabu huwa kuna michezo ya mapigano kama vile Tekken na Mortal Kombat. Mgeni angedhani kwamba vijana wote wa Bonde la Ufa walizaliwa na ladha moja.

Ukweli wa mambo ni kwamba uteuzi huo si wa wachezaji peke yao. Ni uteuzi wa biashara. Mwenye kibanda hutoza ada kwa mechi au kwa dakika. Mechi ya soka humalizika upesi, huchezwa na watu wawili kwa mashine moja, na anayeshindwa humpisha anayesubiri zamu. Mchezo wenye hadithi ndefu, unaohitaji mtu mmoja akae nao kwa saa nyingi kwa majuma kadhaa, hauwezi kumlipia mwenye kibanda kodi ya chumba wala umeme. Kwa hivyo, kinachopatikana mtaani ni kile kinacholingana na hesabu za mwenye mashine, wala si lazima kiwe kile ambacho kila kijana angekipenda.

Wataalamu walitambua zamani kwamba wachezaji hawafanani. Mwaka 1996, Richard Bartle, Mwingereza aliyeshiriki katika kuunda mchezo wa kompyuta wa kuchezwa na watu wengi katika Chuo Kikuu cha Essex mwishoni mwa miaka ya sabini, aliwagawa wachezaji katika makundi manne. Kuna wanaotaka kutimiza malengo na kukusanya alama. Kuna wapelelezi, wanaotaka kujua kila pembe ya ulimwengu wa mchezo. Kuna wanaocheza ili wapate wa kuzungumza naye. Mwisho, kuna wanaofurahia kuwashinda na kuwatamba wenzao.

Bartle alikuwa akizungumzia michezo ya aina moja tu, na mgawanyo wake haupaswi kuchukuliwa kama sheria. Lakini ukiupima na hali ya vibanda vyetu, utaona kwamba kundi la mwisho ndilo lililoandaliwa karamu. Mpelelezi na mjenzi hawana kiti.

Ilhali vitu vya kuwafaa vipo. Mtoto anayependa kujenga na kubomoa angefurahia Minecraft. Kijana wa Njoro au Molo ambaye ameshika jembe tangu utotoni huenda akapendezwa na Stardew Valley, mchezo wa kilimo ulioundwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, na kutolewa 2016. Mchezo huo hupatikana pia kwa simu, na hununuliwa mara moja tu. Anayependa kufikiri kwa utulivu ana sataranji, ambayo huchezwa bila malipo kwa intaneti.

Nao wapenzi wa magari hawakusahaulika. Mbio za Safari Rally zilipangiwa kurejea katika mashindano ya dunia 2020, zikaahirishwa kwa sababu ya janga la Covid-19, na zikafanyika hatimaye Juni 2021 Naivasha. Lakini mchezo wa video wa WRC 9, uliotolewa Septemba 2020, tayari ulikuwa na barabara za Kenya. Kwa maneno mengine, mchezaji wa Ufaransa aliweza kuendesha gari katika vumbi la Kenya, walau kwenye runinga, kabla ya madereva wenyewe kuwasili. Ni vijana wangapi wa Naivasha waliowahi kuonyeshwa mchezo huo?

Kosa jingine ni kukisia ladha ya mtu kwa kutazama jinsia yake. Wapo wanaoamini kwamba wasichana wanataka michezo ya kupamba na kupika tu. Mkenya Sylvia Gathoni, anayefahamika kama QueenArrow, alijipatia jina katika Tekken, mchezo wa mapigano, na 2018 akasajiliwa na timu ya kulipwa ya ng'ambo. Njia ya kujua anachopenda mtu ni kumuuliza na kumtazama anapocheza.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya anasa. Sivyo. Kijana asiyepata mchezo wa kumfaa hakai bure. Ana simu mkononi, na humo kamari inamsubiri ikiwa imevishwa joho la mchezo: ndege inayopaa, magurudumu yanayozunguka, na sauti za sherehe. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huo huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa saini. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18 kushiriki. Lakini katazo pekee halijazi pengo la mtu anayetafuta burudani.

Isitoshe, hata soka ya video yenyewe si salama kama inavyodhaniwa. Ndani yake kuna pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa pesa bila mnunuzi kujua atampata nani. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za aina hiyo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia. Mzazi anayejifariji kwamba mtoto wake anacheza mpira tu, na auangalie mpira huo kwa makini.

Wala hofu ya uraibu si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani lilitambua tatizo hilo katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mengine yote, na kuendelea hata unapomdhuru, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Kumwona mtoto akicheza alasiri moja hakutoshi kumwita mraibu.

Basi nini kifanyike? Wenye vibanda wanaweza kutenga mashine moja, au saa chache za asubuhi ambapo wateja ni wachache, kwa michezo tofauti na kutoza kwa saa. Maktaba za umma na vituo vya vijana vinaweza kuwa na kompyuta za michezo ya kufikiri na kubuni. Nao wazazi waanze kwa kusoma jalada. Michezo mingi huwa na nambari ya umri iliyowekwa na wakaguzi wa Ulaya: 3, 7, 12, 16 au 18. Mortal Kombat ina 18, lakini katika vibanda vingi hakuna anayeuliza umri wa mteja.

Mchezo si mgeni katika eneo hili. Katika kilima cha Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nakuru, vishimo vya bao vilichongwa katika mwamba na watu waliotutangulia. Hao hawakuona aibu kuutengea mchezo mahali pake. Sisi tumewaachia wenye mashine kazi ya kuamua watoto wetu wacheze nini, kisha tunalalamika. Kila ndege huruka na ubawa wake. Kabla ya kumfokea mtoto atoke kibandani, mzazi na amuulize kwanza: Unapenda nini katika mchezo huu?