Kompyuta ilipomwita shangazi mwizi

Nusura nifukuzwe kwenye ukoo. Leo naomba tuyaweke kando yale mambo yetu ya mapenzi na uchumba, niwape kisa cha kompyuta. Tafadhali usigeuze ukurasa! Ndani yake mna pesa, mna ugomvi, na mna mama mtu mzima aliyeitwa mwizi mbele ya kadamnasi.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wako 20. Kila Jumapili kila mmoja anatoa shilingi 5,000, na anayechelewa kikao anatozwa faini ya shilingi 1,000. Pesa zinalala kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha shangazi, na hesabu zilikuwa kwenye daftari lake lenye jalada la khaki. Sasa mie, kwa kimbelembele changu, nikasema mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Baada ya kidato cha nne nilisoma kozi ya kompyuta miezi mitatu, basi nikajiona profesa. Nikawaundia kanzidata.

Kwa wasioijua, kanzidata ya aina hii ni majedwali tu, kama yale ya mahudhurio shuleni. Mie nilitengeneza matatu: wanachama, michango na faini. Kila mama nikampa namba yake, na namba hiyo ndiyo inayotambulisha pesa ni ya nani. Usitumie majina hata siku moja! Huku kwetu Mama Juma wako watatu, na mmoja ana deni.

Mtindo huu wa majedwali yanayotambuana kwa namba uliletwa na Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California. Aliuandikia mwaka 1970. Baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuyauliza maswali majedwali hayo, ndiyo hii SQL. Programu niliyotumia mie inaitwa MySQL, na hapa wapenzi wa umbea sikilizeni: hiyo My si neno la Kiingereza, ni jina la binti wa mwanzilishi wake, Michael Widenius wa Finland. Alipokuja kuanzisha nyingine akaiita MariaDB, jina la binti yake mdogo. Wengine baba zetu hata siku ya kuzaliwa hawaikumbuki.

Haya, turudi kwenye kasheshe.

Jumapili ya 12 ilikuwa siku ya kusoma hesabu. Nikaiuliza kompyuta swali moja refu la kujigamba: yaunganishe majedwali yote matatu, unijumlishie michango na faini. Ikajibu hapohapo: shilingi 1,872,000. Nikachapa, nikampa mwenyekiti, akasoma kwa sauti. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha sanduku likafunguliwa, pesa zikahesabiwa, zikahesabiwa tena. Zilikuwa 1,226,000.

Pungufu ya shilingi 646,000! Ukumbi ukanyamaza kama msibani. Kuna mama mmoja pale, sauti yake haihitaji spika, akasimama. "Kumbe ndiyo maana kaezeka bati jipya!" Basi, ikawa zogo. Shangazi alijitetea kwa daftari lake, lakini nani asikilize daftari wakati kompyuta imesema? Wakamnyang'anya funguo. Usiku ule hakula, na mie sikuthubutu kumtazama usoni.

Asubuhi akaniita. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe mtoto wa kaka yangu, hebu nionyeshe hiyo hesabu mama mmoja mmoja." Nikaichapa upya kwa kila mwanachama. Akavaa miwani, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Mbona mimi simo?"

Kweli, hakuwemo. Walikuwa wamepotea akina mama sita. Nikaangalia daftari: wote sita hawajawahi kuchelewa kikao hata mara moja. Halafu nikamtazama yule mwenye sauti. Kwenye daftari katoa 60,000 kama wenzake, kwenye kompyuta ameandikiwa 300,000! Huyo alikuwa na faini tano.

Hapo ndipo nilipoelewa, jasho likanitoka. Fikiria siku ya harusi, wageni wa upande wa bwana wako 12, wa upande wa bibi watano, na kila mmoja wa huku lazima ampe mkono kila mmoja wa kule. Mikono inayopeanwa ni 60, siyo 17. Ndivyo kompyuta inavyofanya ukiunganisha michango na faini kwa namba ya mwanachama: kila mchango unapeana mkono na kila faini. Yule mama michango 12 mara faini tano, ikazaa mistari 60, na kila mstari una 5,000. Hiyo ndiyo 300,000. Na faini zake nazo, kila moja ikahesabiwa mara 12. Wale ambao hawana faini hawakuwa na wa kumpa mkono, ndiyo maana wakatolewa ukumbini kabisa. Yaani mtiifu hayumo, mchelewaji tajiri!

Kompyuta haikukosea, msomaji wangu. Ilijibu nilichouliza. Niliyeuliza ovyo ni mimi.

Kuna mjanja atakwambia dawa ni kuongeza neno DISTINCT, eti linafuta yaliyojirudia. Nilijaribu. Ikaniambia kila mama ametoa shilingi 5,000 tu kwa wiki zote 12, kwa sababu kwake elfu tano zote zinafanana! Siyo dawa hiyo, ni sumu nyingine.

Dawa yenyewe ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, kabla halijakutana na mwenzake. Kwa michango niliandika hivi:

SELECT namba, SUM(kiasi) FROM michango GROUP BY namba

Hapo kila mama anabaki na mstari mmoja. Ukafanya hivyohivyo kwenye faini. Kisha unachukua orodha ya wanachama wote na kuyaunganisha majumlisho hayo mawili kwa LEFT JOIN, ambayo maana yake ni kwamba aliyeko kwenye orodha ya kwanza habanduliwi hata kama upande wa pili hana kitu. Lakini angalia: asiye na faini ataandikiwa NULL, na NULL siyo sifuri. Ni "haijulikani". Ukijumlisha 60,000 na kisichojulikana, unapata kisichojulikana. Kwa hiyo pale penye faini niliweka COALESCE, inayogeuza NULL iwe 0, ndipo shangazi yangu akatokea na 60,000 zake kamili.

Michango 1,200,000. Faini 26, yaani 26,000. Jumla 1,226,000, sawasawa na sandukuni, hata senti haikupungua.

Jumapili iliyofuata nilisimama mwenyewe mbele yao nikakiri. Nilichora ile harusi ubaoni kwa chaki, na akina mama wakaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mie. Mwenyekiti akarudisha funguo. Yule mwenye sauti aliomba radhi, kwa sauti ndogo safari hii, na mambo ya bati hakuyataja. Shangazi akasema amesamehe, ila toka siku hiyo kompyuta na daftari vinasomwa pamoja, na visipolingana hakuna mtu kuondoka.

Ungedhani nimekoma. Wapi! Wiki mbili baadaye mama mmoja alifutiwa faini kwa kuwa alikuwa amelazwa hospitali. Nikaandika DELETE FROM faini, na kabla sijamalizia WHERE inayotaja faini ipi, kidole kikabonyeza alama ya kufunga na Enter. Faini zote za kikundi, kwishnei! Kilichoniokoa ni kwamba nilianza na START TRANSACTION, kwa hiyo nikaandika ROLLBACK zikarudi zote. Bila hiyo MySQL ingezifuta moja kwa moja na ningebaki kuitegemea nakala ya akiba, ambayo nayo, niseme ukweli, sikuwa nayo. Siku hizi naanza na SELECT yenye WHERE ileile, naitazama mistari inayotoka, nikiridhika ndipo nafuta. MySQL pia ina swichi ya kukataa kufuta kama hujataja ufunguo wa mstari kwenye WHERE au kuweka kikomo cha idadi. Jina lake rasmi ni safe-updates, lakini waliitunga na jina la utani la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni "mimi ni mbumbumbu". Nimeiwasha, wala sioni haya.

La mwisho lilinitesa siku mbili. Mikopo ilipoanza, mwenyekiti alitaka orodha ya ambao hawajakopa. Nikauliza: nipe wanachama ambao namba zao NOT IN jedwali la mikopo. Ikaja tupu! Na kila mtu anajua wapo. Kumbe kwenye mikopo nilikuwa nimeacha mstari mmoja bila namba ya mwanachama, yaani NULL. Sasa muulize mtu mkweli: namba 7 hayumo kati ya 3, 5 na fulani asiyejulikana? Atakwambia siwezi kuapa, huenda huyo fulani ndiye 7. Na SQL hairuhusu kupita mtu isiyeweza kumwapia, basi ikawazuia wote. Na usimtafute huyo asiyejulikana kwa alama ya sawasawa, humpati; andika IS NULL. Nilimpata, nikamjazia namba, nikaifunga safu ile kwa NOT NULL isipokee tena mstari wa namna hiyo. Maswali ya "nani hayumo" sasa nayauliza kwa NOT EXISTS, ambayo haibabaishwi na NULL.

Orodha ikatoka na majina matatu. Mmoja ni yule mama mwenye sauti, kumbe hakuwahi kukopa hata shilingi. Jumapili iliyopita amechukua mkopo wake wa kwanza, anafungua genge la mbogamboga. Alifika dakika 20 baada ya kikao kuanza. Faini yake nimeiingiza mwenyewe, shilingi 1,000, mstari mmoja tu.