Orijino haijulikani kwa picha

Hapa Moba, kuanzia bandarini hadi Kirungu, kuna imani iliyokwisha kuota mizizi: anayejua kuangalia hauziwi feki. Dada ameagiza maskara kwa simu, imefika, ameipaka Jumapili asubuhi akienda misa, na jioni jicho limevimba hata halifunguki. Kabla hajapata mtu wa kumsindikiza hospitali, amekwisha kuhukumiwa. Hakutazama sanduku vizuri. Hakusoma komenti. Alikimbilia bei rahisi. Yaya mmoja atamwambia kwamba angeongeza dola tano tu angepata orijino.

Imani hiyo ni ya uongo, na ninaipinga bila kumung'unya maneno, kwa sababu inamwacha mwizi aende zake na kumbebesha mzigo yule aliyeibiwa.

Mwaka 2018, GAO, ofisi inayofanya ukaguzi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti juu ya bidhaa bandia zinazouzwa kwenye intaneti. Wakaguzi wake walinunua bidhaa 47 kwenye masoko makubwa ya mtandaoni. Hawakwenda kwa wauzaji wa vichochoroni. Walichagua wauzaji ambao wateja wenyewe waliwapa sifa za juu, zaidi ya asilimia 90, na bidhaa zilizotangazwa kuwa mpya. Zilipopelekwa kwa wenye chapa kuchunguzwa, 20 kati ya 47 zilikuwa bandia. Ndani ya hizo 47 kulikuwa na vipodozi 13 vya Urban Decay, chapa iliyojipatia jina kwa rangi za kope. Vyote 13 vilikuwa feki. Hakuna hata kimoja kilichopona.

Hao walikuwa wapelelezi wa serikali, wenye fedha, muda na sheria nyuma yao, wakinunua kwenye masoko ambayo muuzaji ana akaunti na mnunuzi anaweza kudai pesa zake. Walifuata komenti na nyota kama tunavyoshauriwa sote, wakapata sifuri kwa kumi na tatu. Sasa tunamlaumu binti wa Moba mwenye simu iliyopasuka kioo na mega za kuhesabu kwamba hakuangalia vizuri. Aangalie nini?

Tutazame biashara yenyewe inavyokwenda. Kwetu kununua mtandaoni si gari la kampuni kubisha hodi mlangoni. Mtu anaona picha kwenye Facebook, au kwenye statasi ya WhatsApp ya muuzaji aliye Kalemie, Lubumbashi, au Kariakoo kule Dar es Salaam. Anauliza bei, anatuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, kisha anangoja. Mzigo wa Kariakoo unapanda lori au treni hadi Kigoma, unavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, unalala depo siku ambazo hakuna anayezihesabu, ndipo unashuka kwa boti hadi kwetu, umebanwa kati ya magunia na madumu ya mafuta, turubai juu yake likichemka kwa jua. Ukifika na tatizo, muuzaji wa kwanza hashiki simu tena, na aliyeuleta anasema yeye alibeba tu.

Katika njia yote hiyo mnunuzi ameona kitu kimoja: picha. Na mara nyingi ile picha imechukuliwa kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, kwa hiyo ni picha ya orijino kabisa. Hata mwenye chapa angeonyeshwa angekubali kwamba ni mali yake. Kilichomo ndani ya kartoni ndicho kingine.

Nina kichupa kimoja cha maskara mezani hapa, kilichofika Moba kwa njia hiyo na kununuliwa kwa bei ambayo wengi wangeiita ya orijino. Sanduku lake ni zuri, jina la kampuni limechapwa kwa rangi ya dhahabu na halijapinda. Lakini mchoro wa kopo lililofunuliwa, ule unaoonyesha kinaweza kutumika miezi mingapi baada ya kufunguliwa, unasema 12 kwenye sanduku na 6 kwenye kichupa. Namba ya toleo ipo kwenye sanduku, kwenye kichupa haipo. Ukikifungua, hakuna utepe wala karatasi ya kuziba iliyokatika, na harufu inayotoka inafanana na ya petroli. Mtu atasema: unaona, ishara zilikuwapo! Zilikuwapo, lakini zilionekana baada ya pesa kutumwa na mzigo kuvuka ziwa. Tena hizi ni kasoro za mtu aliyefanya kazi ovyo. Mwenye mashine nzuri anaichukua namba ya toleo ya kichupa kimoja cha kweli na kuipiga kwenye vichupa elfu. Ishara mbaya inatosha kuthibitisha feki. Ishara nzuri haithibitishi kitu, na hapo ndipo imani yetu inapovunjika mguu.

Wengine wanaapa kwa mistari ya namba iliyo nyuma ya sanduku. Wameambiwa kwamba ikianza na 3 bidhaa ni ya Ufaransa na ikianza na 69 ni ya China. Tarakimu hizo zinaonyesha kampuni imejiandikisha katika nchi gani ili kupewa namba. Hazisemi kitu kilitengenezwa wapi, na zinanakiliwa kwa urahisi uleule wa kunakili rangi ya sanduku. Na bei? Anayeuza feki anazisikia imani zetu vizuri kuliko sisi wenyewe. Akijua kwamba tunaiogopa bei ya chini, atapandisha. Dola tano za yaya zitaingia mfukoni mwake.

Jicho halina subira kama ngozi ya mkono. Mwaka 2015 polisi wa City of London, kikosi kinachoshughulikia wizi wa chapa, waliwatahadharisha wanunuzi kwamba vipodozi bandia, wanja na maskara vikiwamo, vilikutwa na aseniki, zebaki na risasi kwa viwango vya sumu. Aprili 2018 polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi bandia vyenye thamani ya dola 700,000, vikiwa na majina ya Kylie Cosmetics, MAC, Urban Decay na NARS. Vilipopimwa vilikutwa na bakteria na kinyesi cha wanyama.

Maskara ni kitu chenye majimaji, giza na joto, na brashi yake inatoka kwenye kope na kurudi ndani kila siku. Iliyotengenezwa vizuri ina dawa ya kuzuia vijidudu, na hata hiyo inashauriwa itupwe baada ya miezi michache. Iliyotengenezwa kwenye chumba cha nyuma haina, au inayo kwa kubahatisha. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa anayependa sana mahali pa namna hiyo. Brashi ikikwaruza konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, akapata mlango, anaweza kuitoboa konea ndani ya siku mbili tatu. Konea iliyotoboka haitibiwi Moba. Aliyefikwa na hilo ana ziwa au barabara ya matope mbele yake, na saa zinakwenda.

Lakini hata tungekuwa na mashine ya kututenganishia feki na orijino, bado tungekuwa tumeuliza swali nusu. Orijino ya nani? Mwaka 1933 wanawake wa Marekani walipakwa kwenye saluni rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Haikuwa feki. Ilikuwa Lash Lure ya kweli, kutoka kwa mwenye Lash Lure, na ndani yake mlikuwa na rangi ya kemikali iliyowaunguza macho. Wako waliopofuka na yuko aliyekufa. Marekani wakati huo haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 1938, na picha za macho ya wanawake hao zilisaidia kuisukuma.

Au tuje karibu na nyumbani. Wanja wa unga, ule wa manga unaouzwa kwenye vichupa vidogo na kijiti chake, unasifiwa kwamba ni wa asili, ni wa bibi zetu, hauna kemikali. Mwingi wake ni jiwe la galena lililosagwa, na galena ni madini ya risasi. Mwaka 2011 huko Boston mtoto mchanga wa wazazi Wanigeria alikutwa na risasi kwenye damu. Ilitafutwa ilikotoka, ikapatikana kwenye tiro, wanja ambao wazazi wake walimpaka machoni kama ilivyo desturi kwao. Ulipopimwa, zaidi ya asilimia 80 ya wanja huo ilikuwa risasi. Nayo ilikuwa tiro ya kweli. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala upele wa kumshtua mama. Kwa hiyo mama anayempaka mtoto wanja ili kumkinga na jicho baya anamtia hatarini kwa mkono wake mwenyewe, hata awe ameununua kwa mtu mwaminifu kuliko wote sokoni. Nalisema hili nikijua litawaudhi wazee ninaowaheshimu.

Basi anayeambiwa akae macho ni nani? Kongo ina OCC, ofisi iliyoundwa mwaka 1974 kukagua bidhaa zinazoingia. Ina duane. Tangu 2022 tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye viwango vya pamoja vya vipodozi na orodha ya vitu visivyoruhusiwa kutiwa ndani. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliikabidhi TBS, shirika lake la viwango, kazi ya vipodozi mwaka 2019. Karatasi zipo pande zote mbili za maji. Ila kipodozi kinachovuka kwenye begi la abiria, vichupa thelathini vimeviringishwa ndani ya vitenge, hakisomi karatasi hizo. Maadamu tunaamini kwamba kujilinda ni ujanja wa mnunuzi, hakuna atakayedai begi hilo lifunguliwe. Hakuna atakayeuliza kwa nini kwenye soko la Kalemie mtu hawezi kupeleka kichupa kinachomtia shaka kikapimwa.

Na wauzaji, wengi wao wakiwa mama na dada zetu, wana sehemu yao. Sisemi ni wezi. Wengi wamedanganywa na depo kama wanavyodanganywa wateja wao. Lakini mama anayeweka kitu cha kutiwa jichoni kwenye statasi yake anapaswa kukubali maswali matatu bila kukasirika: ulikinunua kwa nani, kilifika lini, na kikiniumiza utanirudishia pesa? Asiyeweza kujibu auze vitenge, auze viatu. Biashara ya macho aiache.

Nimeambiwa kwamba ninawasemea wenye pesa, kwamba maskini hana budi kuchukua feki kwa kuwa orijino ya jina kubwa ni dola thelathini. Hoja hii inakubali kwamba lazima liwe jina kubwa, na mimi siikubali. Kreyoni ya macho ya bei ndogo iliyobeba jina lake yenyewe, na anwani ya mtengenezaji wake kwenye sanduku, mara nyingi ina heri kuliko jina la Paris lililoghushiwa. Mtengenezaji mdogo ameandika jina lake, anaweza kutafutwa. Mghushi ameandika jina la mwingine kusudi asitafutwe.

Kwa anayetaka kupendeza, na kupendeza ni haki yake, ningechagua hivi. Maskara na wanja wa maji visiagizwe kutoka mbali kabisa, hata kwa rafiki. Vinunuliwe mkononi kwenye butiki yenye mlango na mwenyewe anayejulikana, vikiwa bado vimezibwa. Kreyoni kavu ndiyo nafuu: haina majimaji ya kulea vijidudu, na ukiichonga unaondoa sehemu iliyogusa jicho jana. Ipakwe nje ya kope, si kwenye ukingo wa ndani unaogusa machozi. Brashi ya saluni inayopita jicho la bibi harusi na ya wasimamizi wake wote ikataliwe, hata kama sherehe imechelewa.

Jicho likianza kuwasha, kutoa usaha au kuona ukungu, vipodozi vitolewe siku hiyohiyo na mtu aende kituo cha afya bila kungoja kesho. Maziwa ya mama yasitiwe jichoni, wala dawa ya matone iliyobaki ya jirani: baadhi ya matone hayo yana kotizoni, ambayo hutuliza wekundu huku ikiwaachia vijidudu nafasi ya kula konea. Na kile kichupa kisitupwe chooni kwa aibu. Kifungwe ndani ya mfuko safi, kipelekwe pamoja na mgonjwa, na muuzaji apigiwe simu usiku huohuo aache kuuza vilivyobaki kwenye kartoni.