Whisky ya Scotland Yaelekea Palma: Mnunuzi Mpya Aanze na Ipi?

Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies iliondoa tangazo la dharura lililokuwa limeusimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi tangu Aprili 2021. Tangu hapo macho ya wafanyabiashara wa Mtwara, Pemba na Nacala yamerudi Palma. Wengi wanawaza saruji, nondo, mchele na mafuta. Wapo pia wanaowaza bidhaa isiyochukua nafasi kubwa ndani ya lori lakini yenye thamani kubwa, nayo ni whisky ya Scotland.

Tatizo ni kwamba wengi wanaotaka kuipeleka huko hawaifahamu, na sehemu kubwa ya wateja wao pia ndio kwanza wanaanza kuinywa. Fundi aliyezoea bia ya 2M au Laurentina, akiuzwa chupa ya bei kubwa yenye ladha ya moshi na dawa ya hospitali, hatarudi kununua ya pili. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari, ila ipo.

Soko ni dogo kuliko linavyodhaniwa

Kabla ya kuagiza hata katoni moja, ni vyema kuelewa mambo matatu. Kwanza, wakazi wengi wa pwani kuanzia Mocímboa da Praia hadi Kionga ni Waislamu, na pombe haina nafasi katika nyumba zao. Wanunuzi ni wageni wa nyumba za kulala, makandarasi, mafundi kutoka Maputo na Nampula, na baadhi ya wenyeji wa bara.

Pili, makampuni ya gesi na ujenzi kwa kawaida huweka kanuni kali za pombe ndani ya kambi zao. Idadi ya watu walioajiriwa Afungi kwa hiyo si idadi ya wateja. Anayekadiria mauzo yake kwa kuhesabu vitanda vya kambi anajidanganya.

Tatu ni usalama. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 yalifika Palma tarehe 24 Machi 2021. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliurudisha mji wa Mocímboa da Praia mwezi Agosti 2021, lakini vurugu katika jimbo hazijakoma. Mwanzoni mwa 2024 iliripotiwa kwamba waasi waliokuwa Mucojo, wilayani Macomia, waliwakataza wenyeji kuuza pombe. Barabara ya N380 inayotoka kusini kupitia Macomia imeshambuliwa mara kadhaa. Dereva anayebeba pombe katika njia hiyo anabeba hatari zaidi ya ile ya mwenye mchele, na ni haki yake kuambiwa ni mzigo gani kabla hajawasha gari.

Lebo inasema nini

Si kila whisky ni ya Scotland. Jameson ni ya Ireland na Jack Daniel's ni ya Marekani. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinataka whisky ya Scotland ikenekwe na kukomazwa huko huko Scotland, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40.

Ipo ya kimea kitupu cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, ambayo lebo yake huandikwa "single malt", na ipo ya mchanganyiko wa kimea na nafaka nyingine kutoka viwanda mbalimbali, yaani "blended". Umri ulioandikwa ni wa whisky iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa. Ikisema miaka 12, hakuna tone lililokaa pipani chini ya hapo. Ikumbukwe pia kwamba whisky haikomai ndani ya chupa. Chupa ya miaka 12 iliyokaa stoo miaka kumi bado ni ya miaka 12, na anayeipandishia bei kwa sababu hiyo anamdanganya mteja.

Ujazo nao hueleza chupa ilitengenezwa kwa soko lipi. Ya mililita 700 kwa kawaida ni ya Ulaya. Ya mililita 750 ni ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Ya lita moja huonekana sana katika maduka yasiyotoza ushuru ya viwanja vya ndege. Aidha, sheria ya Afrika Kusini inataka whisky iwe na kilevi cha asilimia 43, hivyo chupa ya mililita 750 yenye asilimia 43 yaelekea ilipitia huko. Muuzaji anayedai kwamba mzigo wake umetoka moja kwa moja London huku chupa zikisema vingine anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Mnunuzi mpya aanze na ipi

Hatua ya kwanza ni mchanganyiko wa bei nafuu: Johnnie Walker Red Label, Grant's, The Famous Grouse au Ballantine's Finest. Hizi ni za kunywa na barafu, soda au maji. Katika visiwa vya Karibi na kaskazini-mashariki mwa Brazil watu huchanganya whisky na maji ya nazi. Kwa pwani iliyojaa minazi kama ya Palma na Quissanga, mwenye baa anaweza kuanza kuuza kinywaji hicho bila kuagiza chochote cha ziada ila madafu.

Hatua ya pili ni mchanganyiko wa miaka 12, mfano Chivas Regal na Johnnie Walker Black Label. Chivas ni laini na ina utamu kidogo. Black Label ina moshi wa mbali, hivyo inafaa kumpima mteja: akiupenda moshi huo, njia yake imejulikana.

Hatua ya tatu ni kimea kitupu kilicho chepesi. Glenfiddich ya miaka 12, yenye harufu ya peasi, na Glenlivet ya miaka 12 ni mlango mzuri. Anayependa utamu wa asali apewe Balvenie DoubleWood ya miaka 12, ambayo humalizia safari yake katika mapipa yaliyowahi kuwa na mvinyo wa sheri. Hizi zinyweke bila soda, kwa matone machache ya maji tu, kwani maji kidogo hufungua harufu.

Hatua ya mwisho ni zenye moshi mwingi: Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye, kisha Laphroaig ya miaka 10 na Lagavulin ya miaka 16 kutoka kisiwa cha Islay. Moshi wake hutokana na kimea kukaushwa kwa moto wa udongo wa kinamasi unaochomwa kama makaa. Wapo wanaoziapia na wapo wanaozitema. Kwa duka la Palma, chupa moja au mbili kwa mteja aliyeziulizia mwenyewe zinatosha. Hazifai kuwa mzigo wa kwanza.

Kwa kifupi, mwenye mtaji mdogo aweke sehemu kubwa ya fedha katika hatua ya kwanza na ya pili, na aongeze ya tatu baada ya kuona mauzo.

Ushuru, stempu na mto Ruvuma

Hapa ndipo wengi huumia. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama wa SADC, na baadhi ya wafanyabiashara hudhani kwamba chupa iliyonunuliwa Mtwara au Johannesburg itaingia kwa nafuu ya jumuiya hiyo. Sivyo. Nafuu hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Whisky ya Scotland hubaki ya Scotland hata ikipita nchi tano, hivyo hainufaiki na nafuu hiyo na hulipiwa ushuru Msumbiji, pamoja na kodi ya bidhaa maalum na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 16. Wala utaratibu uliorahisishwa wa mizigo midogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hausaidii, kwa kuwa Msumbiji si mwanachama.

Stempu ni jambo la pili. Tangu Januari 2019 pombe kali inayouzwa Tanzania hutakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA. Stempu hiyo inathibitisha kwamba kodi ililipwa Tanzania, wala haimlindi mtu ng'ambo ya Ruvuma, ambako Msumbiji inataka stempu yake. Anayenunua rejareja Mtwara na kuvusha hulipa kodi ya nchi mbili kwa chupa moja. Njia ya halali na nafuu ni mzigo wa kupita ulio chini ya dhamana ya forodha, kwa kutumia wakala aliyesajiliwa.

Kuhusu njia, Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali na pwani. Kilambo ni karibu zaidi na Palma, lakini kuvuka hapo kunategemea kivuko na hali ya maji. Njia za panya zipo, na jahazi la usiku pia lipo. Hata hivyo, katika eneo lenye doria za kijeshi, mwenye chombo kisicho na hati hapotezi mzigo peke yake.

Kuhusu usafirishaji, whisky isimamishwe wima, tofauti na mvinyo wenye kizibo cha koki, kwa sababu kilevi kikali hula koki. Isikae juani.

Chupa tupu ni mali ya tapeli

Bei ikiwa chini kuliko ushuru peke yake, jibu ni mojawapo ya mawili: magendo au bandia. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa sumu hiyo mwezi Mei 2014. Bandia nyingi hutiwa ndani ya chupa halisi zilizookotwa, hivyo baa zinashauriwa kuvunja chupa tupu. Mnunuzi naye akague kizibo, ukamilifu wa stempu, lebo iliyonyooka na namba ya toleo kwenye kioo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pwani ambayo imepoteza mengi tangu 2017 haihitaji mfanyabiashara wa kuongeza msiba. Mwenye kuanza aanze na katoni chache zenye hati zote, kwa wateja anaowajua, na atunze risiti zake.