Mali bila daftari: Wafugaji tuhesabu nyasi kabla ya ng'ombe

Kila ifikapo mwezi Agosti, wafugaji wa Kakiika na wenzao wa Isingiro, hadi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hulia kilio kimoja: nyasi zimekwisha. Lawama hupelekwa kwa mvua. Kwa maoni yangu, mvua inasingiziwa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huja kila mwaka na tarehe zake tunazijua. Tatizo ni kwamba tunapanga idadi ya ng'ombe kwa kutazama malisho ya Aprili, wakati bonde lote ni kijani.

Zamani kosa hilo lilikuwa na dawa. Mimi nilisomea Nakivale, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, kabla ya familia yetu kurejea nyumbani baada ya 1994. Wazee wetu walijua kuwa kiangazi kikikaza, ng'ombe huhamishwa kuelekea ziwani. Leo ahamie wapi? Kuna seng'enge na mashamba ya migomba. Nakivale ina wakimbizi zaidi ya laki moja, na tangu Julai 2020 Mbarara ni jiji, Kakiika ikiwa ndani yake. Ng'ombe asiyeweza kuhama hula mahali pamoja miezi 12.

Tufanye hesabu ya darasani. Ng'ombe wa kilo 300 huhitaji takriban kilo 7.5 za lishe kavu kwa siku. Ng'ombe 20 ni kilo 150. Kwa siku 92 za Juni hadi Agosti, hizo ni tani 13.8. Tena haifai kulisha zaidi ya nusu ya nyasi zilizopo, maana nusu iliyobaki ndiyo inayolinda mizizi na udongo. Kwa hiyo, mwisho wa Mei mfugaji huyo anapaswa kuwa na zaidi ya tani 27 zimesimama shambani. Ni wangapi kati yetu wanazo?

Anayepuuza hesabu hii hulipa mara mbili. Kwanza huuza ng'ombe mifupa mitupu kwa bei ya kutupa. Pili, nyasi tamu hukwanguliwa hadi mizizi, na nafasi yake huchukuliwa na omutete, ambao ng'ombe huukwepa. Mvua ikirudi, shamba linaonekana kijani lakini ng'ombe hana cha kula. Hata kuongeza ardhi si jibu. Kule Umutara nchini Rwanda, waliorejea na mifugo yao walipewa zaidi ya nusu ya eneo la hifadhi ya Akagera mwaka 1997, lakini kilio cha malisho wakati wa kiangazi hakikuisha.

Najua nitajibiwa kuwa ng'ombe ni heshima, ni mahari, ni benki. Sipingi. Lakini benki gani inayokufa njaa kila Agosti? Mwezi Mei, ng'ombe wakiwa wamenona, tuuze madume ya ziada, wazee na majike yasiyozaa. Tugawe shamba vipande, kimoja kipumzike tangu Aprili kwa ajili ya kiangazi. Nyasi za ziada zikatwe zinapoanza kutoa maua, zikaushwe na kuhifadhiwa.

Serikali nayo ina wajibu. Ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka, minada hufungwa kwa karantini, na mfugaji aliyekusudia kupunguza mifugo hukwama nayo. Chanjo itolewe mapema, kabla ya msimu wa kuuza. Na pale ambapo wataalamu wa mifugo wameridhika, ng'ombe waliokaguliwa waruhusiwe kwenda moja kwa moja machinjioni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Umefika wakati daftari la mfugaji liwe na kurasa mbili: moja ya ng'ombe, nyingine ya nyasi.